Fuwele ya Mwisho ya Mihir

Mihir alipokufa, fuwele nazo zilinyamaza.

Hivyo ndivyo Nyawira alivyolisema jambo hilo moyoni mwake, ingawa mbele ya Profesa Thuo alitumia maneno ya kisomi zaidi. Alisema ishara imeshuka. Alisema huenda vioo vya leza vimehama, huenda kemikali za safari hii zina uchafu. Alikaza na kulegeza kila skrubu katika maabara ile ya chini kabisa ya jengo la chuo kikuu, pale mjini, akabadilisha nyaya, akamsumbua fundi wa umeme mpaka yule bwana akaanza kumkwepa kwenye ngazi. Fuwele alizootesha zilikuwa nzuri kupindukia, za rangi ya chungwa lililoiva, zenye kingo kali na pande laini. Lakini zote zilikuwa bubu.

Sasa, kabla hujasema haya ni mambo ya maprofesa na kufunga ukurasa, subiri kidogo. Si magumu hivyo. Fuwele zenyewe huitwa perovskaiti, nusu madini, nusu molekuli ndogondogo za kaboni, na huoteshwa kwenye chupa polepole, kwa joto, kama chumvi inavyoganda sufuriani. Ndani yake mna elektroni, na kila elektroni hubeba kitu kiitwacho spini. Ichukulie kama mtu anayejizungusha mahali pamoja, ama kulia ama kushoto. Ukiimulika fuwele kwa mwanga uliosokotwa kulia, unaamsha elektroni za namna moja. Ukiusokota kushoto, unaamsha za namna ya pili. Na kwa kuwa ndani ya fuwele kila chembe ina jirani huku na jirani kule, mambo husawazishana, kulia na kushoto hutoka sare.

Fuwele za Mihir, mwenzake Nyawira katika utafiti, hazikutoka sare. Ukigeuza msokoto wa mwanga, umeme uligeuka nao, ukipanda na kushuka kwenye skrini ya Nyawira bila kukosea. Siku ya kwanza kuuona mchoro ule walirukaruka kama watoto waliofunga shule mapema, wakamwaga chai juu ya kibodi ya idara.

Swali likawa moja tu: ishara ile inatoka wapi? Wataalamu wa ng'ambo walisema inatoka usoni. Pale fuwele inapoishia, jirani wa upande mmoja hayupo, usawa unavunjika, na spini zinapata upenyo wa kuchagua upande. Kama ni hivyo, basi ni jambo la ngozi tu, la kuondoka ukikwaruza. Mihir alikataa katakata. Alisema ishara yake ni kubwa mno kuwa ya juu juu, inatoka ndani kabisa, ni tabia ya fuwele yenyewe. Watu wa fizikia wana ugonjwa wao, na huu ndio mkubwa kuliko yote: wakishapenda jibu, hawaliachi.

Walikuwa wamegawana kazi tangu mwanzo. Mihir alikata, Nyawira akapima. Meza ya kukatia ilikuwa kwenye pembe, nyuma ya pazia jeusi lililozuia mwanga wa taa usiingilie leza. Nyawira alikuwa akikaa upande wake, macho kwenye vioo, akisikia wembe ukigonga mara moja, kah, na fuwele ikipasuka. Kisha, kila mara bila kukosa, alimsikia Mihir akishusha pumzi ndefu. Haaa. Halafu pazia linafunguka na kipande kinaletwa mbio kuwekwa ndani ya kikasha kabla hewa haijakichezea.

"Unapumua hivyo kwani umepanda Ngong Hills?" Nyawira alikuwa akimtania.

"Kukata hii kitu bila ivunjike ni kazi. Wewe kaa hapo na mashine zako."

Alimtania hivyo kwa miaka. Hakuwahi kufungua pazia aone.

Walipendana, na hapo sizunguki. Walipendana tangu chai ilipomwagika kwenye kibodi, na hakuna mtu wa nyumbani aliyeambiwa. Mama yake Nyawira, kule mtaa wa Satellite, alikuwa ameshamchagulia mkwe kanisani kwa macho, bado tu kuuliza jina lake. Mama yake Mihir, Hemlata, alikuwa mjane mwenye duka la miwani la familia katikati ya mji na nyumba mtaa wa Jamhuri, na mtoto wake alikuwa huyo mmoja tu. Mihir alikuwa na mpango. "Paper ikitoka, nitamwambia Mum vitu viwili siku moja," alisema. "Ya kwanza itamfurahisha sana, hiyo ya pili ipite tu nayo."

Ugonjwa haukungoja mpango wao. Ilikuwa saratani ya damu, na ilikwenda haraka. Kwenye ile hospitali ya Upper Hill, Nyawira alikuwa akija na watu wa idara, akisimama nao miguuni pa kitanda, akiuliza maswali ya watu wa kazini: daktari anasemaje, umekula? Machozi yake aliyamalizia kwenye lifti. Mara moja tu walipata kubaki wawili, Hemlata alipoteremka kununua maji. Mihir alikuwa amekonda mpaka saa yake ilikuwa ikizunguka mkononi.

"Usiwaache waseme ni juu juu," alimwambia. "Ni ndani, Nyawira. Niahidi."

"Nakuahidi."

Aliahidi kwa moyo wake wote. Hemlata akarudi na maji, na Nyawira akarudi miguuni pa kitanda.

Karibu mwaka mzima baada ya kifo chake, majibu ya wasahihishaji wa jarida walilolipelekea makala yao yalifika, na yalikuwa ya adabu kuliko alivyotarajia. Msahihishaji mmoja hakutaka mengi. Alitaka jambo moja: chukueni fuwele yenye ishara, ondoeni tabaka la juu mahali pasipo na hewa, mpime tena. Ishara ikibaki, inatoka ndani, na sisi tutanyamaza. Ikiondoka, mnajua wenyewe.

Mtihani wa haki kabisa. Ila Nyawira hakuwa na fuwele yenye ishara, isipokuwa moja.

Ilikuwa fuwele ya mwisho aliyoikata Mihir kabla ya kulazwa. Aliifunga mwenyewe ndani ya kikasha kidogo cha chuma chenye dirisha la kioo, kilichojazwa gesi kavu, nyaya mbili zikitokeza pembeni. Hiyo haikunyamaza. Kila asubuhi Nyawira aliiweka mbele ya leza kabla ya kuanza kazi nyingine yoyote, akageuza msokoto wa mwanga, akatazama mstari ukipanda na kushuka. Alifanya hivyo kama mtu anayempigia mgonjwa simu kusikia tu sauti. Halafu aliirudisha kabatini na kufunga kwa ufunguo.

"Unajua kinachotakiwa," Profesa Thuo alimwambia. Alikuwa mzee mpole mwenye sweta moja la kijivu, na hasira yake ilikuwa haitoki ila kwa watu waliopima vibaya.

"Siwezi, Prof."

"Huwezi ama hutaki?"

"Nipe muda kidogo. Wacha nioteshe zingine. Nikipata hata moja inafanya, tutakata hiyo."

"Umekuwa ukiotesha mwaka mzima, Nyawira."

Kila alilofanya Mihir alikuwa amelifanya yeye pia: kemikali zile zile, joto lile lile, wembe kutoka kiwanda kile kile. Usiku hakulala kwa wazo moja, kwamba pengine mikono yake mwenyewe ndiyo yenye kasoro.

Wiki hiyo Hemlata alimpigia simu amwombe apite dukani. Nyawira alikwenda saa ya chakula cha mchana, roho mkononi, maana alijua ataulizwa nini. Duka lilikuwa jembamba na refu, fremu za miwani zikipanda ukutani mpaka darini. Nyuma ya kaunta palikuwa na picha ya Mihir, imevishwa shada la maua ya manjano mabichi. Mteja mmoja alikuwa akimalizia kulipa. Hemlata alimpulizia miwani yake dawa kutoka kwenye chupa, akaifuta kwa kitambaa cha njano, akampa juu ya kaunta na kumwambia aangalie kama iko sawa.

Mteja alipotoka, Hemlata alimketisha Nyawira kwenye kiti cha kupimia macho.

"Kumbukumbu ya mwaka inakaribia," alisema. "Nataka hiyo paper yake. Nitaweka kwa fremu, hapo, kando ya picha. Itakuwa tayari?"

"Bado kidogo, Anti. Kuna kitu wanataka tupime tena."

"Alikuwa ananiambia ni kitu ya ndani. Mimi sikuelewa. Lakini alikuwa akisema hiyo 'ndani' anafurahi mpaka nasahau kuuliza bei ya lensi." Alicheka kidogo, kisha akakoma. "Na hizo fuwele zake ziko wapi?"

"Nyingi ziliharibika. Imebaki moja tu. Aliifunga yeye mwenyewe, na bado inafanya kazi. Nimeiweka kwa kabati."

Hemlata aliitikia kwa kichwa taratibu, akimtazama usoni kwa muda. Kisha akanyoosha mikono, na bila kuomba ruhusa akamvua miwani. Nyawira alidhani ataifikia ile chupa. Hemlata hakuifikia. Aliileta miwani karibu na mdomo wake na kuipumulia upande mmoja, haaa, kisha wa pili, haaa, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake.

Nyawira alijua maana yake, kwa sababu Mihir alikuwa amemweleza wakicheka: kwao wateja wanafutiwa miwani kwa dawa ya chupa. Pumzi ni ya watu wa nyumbani.

"Mihir alikuwa akikusafishia hivi," alisema Hemlata. Halikuwa swali.

"Ndiyo, Anti."

"Najua. Mwanzo ulikuwa ukikuja hospitali na miwani safi kabisa, hata wewe mwenyewe huwezi safisha hivyo. Halafu yeye akakosa nguvu, na miwani yako ikaanza kuwa chafu. Mimi kazi yangu ni miwani, beta. Nikaona." Alimvisha miwani kwa mikono yake mwenyewe, akaitengeneza nyuma ya masikio kama anavyofanyiwa mtoto. "Nilingoja uniambie. Nikaona labda unaogopa."

Neno lile "beta", mwanangu, Mihir alikuwa akiitwa hivyo. Nyawira alilia pale kwenye kiti cha kupimia macho, mbele ya herufi kubwa na ndogo zilizoning'inia ukutani, na Hemlata akalia naye, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi Nyawira hakulia kama mtu wa kazini.

Walipotulia, Hemlata alijifuta na kuanza kuongea tu, kama watu wanavyoongea baada ya kilio, maneno ya kujaza nafasi. "Si mchezo, hiyo ya kupuliza. Baba mkwe wangu alikuwa anasaga lensi kwa mkono huko nyuma. Ukipulizia lensi, ule mvuke unakuonyesha mkwaruzo hata mdogo vipi. Kama ni laini, mvuke unaondoka sawasawa. Mihir alijifunza kwake akiwa mdogo hivi. Ukimpa kitu chochote laini, sahani, simu, anaangalia hivi, anapuliza. Haaa. Nilimkataza mpaka nikachoka."

Nyawira alikuwa ameacha kusikiliza. Alikuwa amerudi kwenye maabara, upande wake wa pazia. Wembe, kah. Halafu ile pumzi ndefu aliyoitania miaka yote, akidhani ni ya mtu aliyechoka.

Aliaga vibaya, akatoka, akakata barabara bila kutazama magari.

Jambo la kwanza unalofundishwa kuhusu fuwele hizi ni kwamba zinaogopa maji. Unyevu kidogo tu na uso wake unabadilika, mpangilio wake unavurugika. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua asizikaribie na kikombe cha chai. Ndiyo maana hakuna mtu, si Thuo, si Nyawira, si yule msahihishaji wa ng'ambo, angewaza kwamba mkataji bora waliyekuwa naye alikuwa akishusha barakoa na kuipumulia kila fuwele aliyoikata, ili aone kama uso wake ni laini. Ni kosa ambalo lingeweza kufanywa tu na mtoto wa watu wa miwani. Na yeye mwenyewe, kwa mazoea ya utotoni, hakujitambua akilifanya. Ulimi haujui kuwa umeonja.

Nyawira alifunga pazia jeusi. Alichukua moja ya fuwele zake bubu, akaikata. Akashusha barakoa, akainama juu ya ule uso mpya unaong'aa, akapuliza kama alivyoona dukani. Ukungu ukatanda, ukaanza kurudi kutoka pembeni kuelekea katikati, ukaisha. Akaikimbiza kwenye kikasha, akawasha leza, akageuza msokoto.

Mstari ukapanda. Akageuza tena. Ukashuka.

Aliketi sakafuni. Alikuwa amefurahi na kuumia kwa wakati mmoja, na hakujua aanze na lipi. Alikata nyingine bila kuipuliza: bubu. Akakata ya tatu, akaipuliza: ikapanda, ikashuka. Pumzi ilikuwa ikiingia kwenye chembe za juu kabisa, ikizigeuza kichwa upande mmoja, na hata baada ya unyevu kuondoka zenyewe zilibaki zimegeuka hivyo. Spini zikapata upande wa kuchagua. Ilikuwa usoni. Wale wa ng'ambo walikuwa sahihi, na hata wao hawakujua nusu yake.

Profesa Thuo alipima mwenyewe mchana kutwa, sweta limekunjwa viwikoni, kisha akavua miwani ya leza.

"Hii kazi ni kubwa kuliko ile ya kwanza," alisema kwa sauti ya chini.

"Si ya Mihir tena, Prof. Yake ilisema ni ndani."

"Ngoja. Usiharakishe kumzika mara ya pili." Alivuta kiti. "Wewe umeonyesha pumzi inaweza kutoa ishara. Hujaonyesha kwamba ishara ya Mihir ilitoka kwa pumzi peke yake. Alikuwa mkataji kuliko wewe, usinikasirikie, na aliotesha kuliko wewe. Labda zake zilikuwa na ya ndani pia. Hiyo ya kabatini ndiyo inajua."

Labda. Laiti mzee yule angetumia neno jingine lolote. Nyawira alikuwa amekataa kuikata fuwele ile kwa ajili ya jarida, akakataa kwa ajili ya shahada yake, na angeendelea kukataa mpaka astaafu. Lakini sasa aliambiwa kwamba Mihir huenda alikuwa sahihi, na kwamba njia ya kumthibitishia ni moja tu. Alikuwa ameahidi. Alikwenda nalo neno lile mpaka Satellite, akala nalo, akalala nalo. Hakuipima fuwele kwa siku chache, kwa hofu tu. Alifikiria kumwambia Hemlata kwanza, akaona bora ampelekee habari njema ikiwa imekamilika, aweke fremu yake ukutani kabla ya kumbukumbu. Hivyo ndivyo matumaini yanavyomfanya mtu mjinga. Yanamwonyesha mlango mmoja na kumsahaulisha kubisha.

Asubuhi aliyoikata, jua lilikuwa likiingia kupitia vidirisha vya juu vya maabara, vinavyoonyesha viatu vya wapita njia. Profesa Thuo alisimama kando. Idara ilikuwa imepata sanduku la kioo lenye glavu ndefu, limejaa gesi kavu, la kufanyia kazi bila hewa. Lilifika Mihir ameshafariki. Angekuwa nalo mapema, asingeweza kupuliza chochote.

Nyawira aliipima kwanza. Ikapanda, ikashuka, vile vile, kama siku zote. Akaiacha ipande na kushuka mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na Thuo hakumharakisha.

Kisha akaingiza mikono kwenye glavu, akafungua kikasha, akaweka wembe ukingoni. Kah. Tabaka jembamba la juu likatoka. Alikuwa amekusudia kulihifadhi, alikuwa hata amelitayarishia kijichupa, lakini lilivunjika papo hapo, likawa unga wa chungwa kwenye ncha za glavu. Akaufunga uso mpya kwenye nyaya. Akawasha leza, akasokota mwanga kulia.

Akasokota kushoto.

Mstari ulikuwa umelala. Akajaribu tena, akaongeza nguvu ya mwanga, akajaribu tena. Kulia na kushoto, sare. Ndani ya fuwele ya Mihir kila chembe ilikuwa na jirani huku na jirani kule, na hapakuwa na chochote cha kusimulia.

"Pole, Nyawira," alisema Profesa Thuo. "Pole sana, mama."

Nyawira alikuwa akitazama ule unga kwenye glavu, na ndipo tu, wakati jambo limeshapita, alipofahamu alichokuwa amekikata. Siku zote hizo alizokuwa akiiweka mbele ya leza na kutazama ule mstari, hakuwa akitazama kazi ya Mihir. Alikuwa akitazama pumzi yake. Ilikuwa pale, mahali ilipoangukia, imefungwa isiguswe na hewa nyingine yoyote, na ilikuwa ikimjibu kila asubuhi.

Alikwenda dukani moja kwa moja. Hemlata alikuwa peke yake, akipanga fremu mpya, na alipomwona uso ukamchangamka.

"Kuja, beta. Umekula?"

"Anti, kile kitu hakikuwa ndani." Alisema akiwa bado amesimama, kwa sababu angeketi asingesema. "Nilipima. Kilikuwa juu tu. Mihir alikuwa akikata fuwele, anaipulizia kama lensi. Ile uliniambia. Hiyo pumzi ndiyo ilikuwa inaleta ishara. Si kitu kingine. Ni pumzi yake."

Hemlata alimkodolea macho, halafu akacheka, cheko la kweli, mkono kifuani. "Huyu mtoto! Si nilimwambia? Kila siku namwambia, Mihir, toa mdomo kwa vitu za watu!" Aligeukia picha na kuitikisia kidole, machozi yakimtiririka, akicheka bado. "Sasa wewe umeona? Mpaka mbele ya maprofesa!"

Nyawira alijaribu kucheka naye, akashindwa. Cheko la Hemlata likapungua polepole.

"Na ile moja," akasema. "Ile alifunga mwenyewe. Uliniambia bado inafanya kazi."

"Ndiyo, Anti."

"Hiyo pia alipuliza?"

"Ndiyo."

"Kwa hivyo ilikuwa hapo. Pumzi yake. Mwaka mzima."

"Alama yake, Anti. Vile iligusa. Ilikuwa bado hapo."

"Iko wapi sasa? Nataka kuona."

Barabarani muuza vocha alikuwa akiita wateja. Nyawira alishika ukingo wa kaunta.

"Nimekata ile sehemu ya juu. Leo asubuhi. Imeisha."

Hemlata aliweka chini fremu aliyokuwa ameshika, akainyoosha ilingane na nyingine.

"Ulijua inaweza kuwa ni pumzi?"

"Nilitumaini ni ndani. Nilimwahidi, Anti. Nilitaka awe—"

"Nakuuliza kama ulijua."

"Nilijua inaweza kuwa."

"Ungeniita." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mimi watu waliniambia nifue nguo zake zote, ndiyo desturi, nikafua. Nilifua hata foronya. Nikanusa kabati yake, ni sabuni tu. Hakuna kitu. Na wewe ulikuwa nayo. Sikatai, ni kazi, mngekata. Lakini ungeniita nije nisimame hapo kwanza."

"Nisamehe, Anti."

Nyawira alikuwa akilia bila kujizuia, miwani imejaa machozi na ukungu mpaka hakumwona vizuri. Alihisi tu mikono ya Hemlata ikimfikia usoni kwa mazoea na kuivua. Aliona, kwa kivuli kivuli, miwani ikipanda kuelekea mdomo wa yule mama.

Ikasimama hapo.

Kisha ikashuka. Hemlata alinyoosha mkono chini ya kaunta, akachukua chupa ya dawa, akapulizia upande mmoja, akapulizia wa pili, akafuta kwa kitambaa cha njano. Akampa miwani yake juu ya kaunta.

"Angalia kama iko sawa," alisema.

Nyawira aliivaa. Ilikuwa safi kabisa.

"Iko sawa," akasema.